Mfuko wa Mabuibui Matatu

Mkanda wa Kitaya niliuharibu mimi. Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kulikwepa, maana kulikwepa najua sana. Nililikwepa mbele ya mwalimu wangu, nikalikwepa mbele ya marehemu mume wangu, na siku moja kwenye semina kijana mmoja mwenye adabu aliponiuliza kama nami niliwahi kuharibu kazi, nilimsimulia makosa ya mtu mwingine, na watu wakacheka na kupiga makofi.

Mkuu wa chuo chenu ameniandikia kwamba mnaanza mafunzo ya video, na anataka mtu aliyesoma sinema hapo hapo, enzi za ujamaa, awaandikie kurasa chache za kuwatia moyo. Moyo nitawatia. Kazi hii niliifanya mpaka nikastaafu, na niliifanya vizuri. Sioni sababu ya kujidai mnyenyekevu. Chuo kikuu nilikwenda baadaye, nikajifunza maneno marefu ya kueleza mambo ambayo Mwalimu Nangumbi alikwisha kunifundisha kwa kunigonga kidole na kijiti cha kusafishia kamera.

Huyu Mwalimu Nangumbi alikuwa mtu wa Newala, mwembamba, mkali kwa vumbi. Walimpeleka Ulaya miezi tisa kusomea sinema, akarudi na kamera moja, glavu za sufu ambazo Mtwara hazikumsaidia kitu, na imani kwamba mkulima akiona jambo kwa macho atalifanya kesho yake. Chuo kikampa banda nyuma ya jiko. Upande mmoja wetu walikuwa maseremala, upande wa pili kuku. Mkitaka kujua kwa nini filamu zetu za kwanza zote zina sauti ya jogoo, ndiyo hivyo.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. "Kabla hujapiga," alisema, "hesabu vidole vya unayempiga. Kama huwezi kuvihesabu, uko mbali. Sogea."

Mimi sikusogea. Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kijiji cha Ziwani kupiga wakulima wakipogolea mikorosho, nikasimama mbali kama mgeni wa heshima. Halafu nikaogopa kwamba nimesimama mbali, nikainamisha kamera ili nipate mikono. Filamu iliporudi, mikono ilikuwepo, mikorosho ilikuwepo, wakulima wote hawakuwa na vichwa. Tukaipeleka kuwaonyesha wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji akatazama mpaka mwisho, akasimama, akauliza kwa upole kabisa: "Ndugu walimu, sisi hapa Ziwani tumekosa nini?"

Basi mjue kwamba mtu anaweza kuanza hivyo na bado akafika.

Tulikuwa wanafunzi wanane, wanawake wawili tu: mimi Salima, wa Ufukoni hapo mjini, na Somoe, wa Kitaya, kule mtoni mpakani. Mimi nilikuwa na mdomo. Niliandika maelezo ya filamu na kuyasoma kwenye kinasa sauti, ndani ya stoo ya magodoro ili kusiwe na mwangwi, na wote walikubali kwamba Kiswahili changu kinateleza. Somoe alikuwa na mikono. Kwao ni Kimakonde kitupu. Kiswahili alikikuta darasani, na kikimkwama wavulana walimcheka, nami nilicheka nao, kidogo, kwa staha. Lakini Mwalimu akimfunga kitambaa machoni na kumpa kamera, alikuwa anapitisha mkanda kwenye meno yote ya ndani ya kamera na kufunga mlango wake kabla sisi hatujapata pa kuanzia.

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo simu zenu zimewaepusha nalo. Filamu ilikuwa mkanda, na mkanda ukiona mwanga kabla ya wakati wake umekufa. Sisi tulipewa mkanda mrefu mmoja ndani ya kopo. Tulikata kipande, tukakizungushia kwenye kigurudumu kidogo cha kuingia kwenye kamera, na kipande kikiisha tukakata kingine. Kukata na kuzungusha kulitaka giza totoro. Mwalimu alikuja na mfuko mweusi wa kazi hiyo kutoka Ulaya: unaweka kopo ndani, unafunga, unatia mikono kwenye matundu mawili, unafanya kazi kwa vidole. Panya wa chuo waliula wiki ya tatu.

Somoe ndiye aliyepata dawa. Nyie mmezoea buibui la kuvaa kama koti. Buibui la zamani lilikuwa gunia, hakuna neno jingine: kitambaa cheusi kipana kilichoshonwa duara, na kamba ya kufungia kichwani. Somoe aliomba mabuibui matatu, akayaingiza moja ndani ya jingine kama maganda ya kitunguu, akashona chini, akatengeneza matundu mawili ya mikono yenye kamba za kukaza. Mwalimu akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda, akatoka akatangaza kwamba hata Ulaya hakuona giza safi namna hiyo. Akaweka na sheria: anayejaza kamera aandike jina lake kwenye plasta, aibandike juu ya kopo.

Buibui moja lilitoka kwa mpishi wetu. La pili kwa mke wa mwalimu wa kilimo. La tatu lilikuwa langu.

Nililitoa kwa shingo upande. Na mwezi haukupita, binamu yangu wa Mikindani akaolewa. Sasa niambieni, binti wa Ufukoni aende harusini Mikindani bila buibui? Shangazi yangu angeniuliza liko wapi, nami ningemjibu nini? Kwamba limevaliwa na kamera? Ijumaa mchana niliingia bandani, nikafumua mshono wa chini, nikachomoa la kwangu. Nilijiambia nachukua changu, nitakirudisha Jumatatu, na safari ya Kitaya ni Alhamisi. Hesabu ilikuwa sawa.

Harusi ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo na hapo. Jumapili jioni nikarudi na nguo zinanukia udi, buibui nimelisahau kwa shangazi, nikamkuta Mwalimu anapakia vyombo. Gari la kuazima lilikuwa limepatikana kwa safari ya kesho yake alfajiri. Alhamisi lingekuwa na kazi nyingine.

Nilikwenda bandani na sindano. Uzi mweusi sikuwa nao. Nilikuwa na wa bluu, niliotarizia vitambaa vya meza. Nikashona, nikaingiza kichwa ndani kama alivyofanya Mwalimu, nikaona giza. Lilikuwa giza, kweli. Nilichosahau ni kwamba nililipima ndani ya banda, jua limeshazama.

Kitaya tulifika asubuhi, tukapokelewa na mgambo. Vita vya ng'ambo ya mto vilikuwa vimekwisha, lakini mgambo hakuwa ameambiwa rasmi. Alilishika kopo, akaligonga, akaliweka sikioni.

"Hiki nini?"

"Chakula cha kamera," alisema Mwalimu.

"Fungua nikione."

"Kikiona jua kinakufa, ndugu yangu."

Mgambo akamtazama. "Mwanaume mzima unabeba chakula kinachoogopa jua?" Watu wakacheka, akacheka mwenyewe, tukapita. Yule bwana nitamtaja tena.

Kazi yetu ilikuwa kuonyesha namna ya kukausha makopa juu ya kichanja badala ya kutandaza muhogo chini, mbuzi wakapita juu yake. Na mtu wa kupigwa picha alikuwa mama yake Somoe, Bi Esha, ambaye kijiji chote kilimkubali kwa kumenya. Alikuwa amevaa kanga mpya, ameketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, rundo la muhogo pembeni. Alimwangalia Mwalimu juu mpaka chini.

"Nimenye polepole, au nimenye kama ninavyomenya?"

"Kama unavyomenya, mama."

"Basi mtanikosa."

Nikamwona akianza. Alipiga mstari mmoja kwa ncha ya kisu, toka kichwa cha muhogo hadi mkia, akapenyeza kidole gumba chini ya ganda, akazungusha muhogo, si kisu, na ganda likatoka zima, kama mtu anayevua soksi. Na macho yake hayakuwa kwenye kisu hata mara moja. Alikuwa anatutazama sisi, anatucheka. Mwalimu alinong'ona, "Hii. Hii ndiyo filamu."

Ndipo tukakuta kamera imekwisha mkanda, wote umeishia kwenye mto na kichanja. Ilikuwa saa sita kasoro, jua la Ruvuma juu ya vichwa, na kivuli pekee kilikuwa cha kichanja chenyewe. Somoe akaweka mfuko mapajani, akaingiza kopo, akatia mikono. Akanyanyua uso.

"Salima. Mfuko leo mwepesi."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na muda wote wa duniani. Mngeweza kumenya muhogo mzima katika muda ule.

"Wewe ndiyo umepata nguvu," nikasema. "Umekula kwa mama."

Bi Esha akacheka. Wote wakacheka. Somoe akakaza kamba ya mkono wa kushoto, akailegeza, akaikaza tena, akafanya kazi yake, akaandika SOMOE kwenye plasta kwa herufi kubwa. Tulipiga Bi Esha anamenya, tukampiga mikono kwa karibu mpaka unahesabu vidole, tukampiga anapanga kichanjani. Siku hiyo Mwalimu aliimba njia nzima kurudi.

Mikanda ilipelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko nje ya nchi kusafishwa. Ilirudi baada ya miezi mitatu, pamoja na mgeni. Alikuwa mtu wa kitengo cha filamu Dar, na alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kufanya kazi kwao. Mmoja tu. Hakuna aliyekuwa na shaka ni nani. Somoe alikuwa ameshaanza kuniuliza kama Dar maji ya bombani yana chumvi.

Tuliziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi, tukatundika kitambaa cha kuonyeshea. Kichanja kikatokea, kizuri. Mto ukatokea. Kisha kitambaa kikawa cheupe. Cheupe kama uji, na ndani ya uji ule mara moja moja kivuli: ncha ya kisu, pindo la kanga, kikapotea. Tulitazama weupe ule mpaka mkanda ukakatika na kuanza kupiga piga mashine, na hakuna aliyesimama kuizima.

Mwalimu akalichukua kopo, akasoma plasta.

"Somoe. Nini kilitokea?"

Somoe alifungua mdomo. Kiswahili kikamkwama. Alisema, "Mie... mfuko..." akanitazama.

Hapo ndipo niliposema sentensi yangu. Nimeibeba tangu siku hiyo, naweza kuisema usingizini. Nilisema: "Mwalimu, nilimwona akihangaika na kamba ya mkono."

Ni sentensi ya kweli. Kila neno. Alihangaika na kamba, kila mtu aliyekuwepo alimwona. Vijana, mtakaponunuliwa mashine za kuhariri mtagundua kwamba picha ya kweli, ukiikata sekunde mbili mapema, inafanya kazi ambayo uongo mtupu hauwezi. Mimi niligundua kabla sijagusa mkasi.

Na mpime ukubwa wa ushujaa wangu: kabla ya sentensi ile nilikuwa nimekwisha kumfikiria yule mgambo. Nilitaka kusema alifungua kopo. Nilimwacha kwa sababu mashahidi walikuwa wengi.

Mkanda uliobaki koponi nao ulikuwa umeungua kwa mwanga, kwa hiyo hakukuwa na cha kurudia. Mvua nazo zilikuwa karibu kufunga njia. Mgeni akaniteua mimi. Somoe hakumaliza kozi. Alifunga sanduku lake wiki ile ile akarudi Kitaya, na hatukuagana. Mimi nikaenda Dar, na maji ya bomba hayakuwa na chumvi.

Mwaka uliofuata nilikutana kitengoni na dereva wa gari la sinema, lile lililozunguka vijijini kuonyesha filamu. Alikuwa ametoka kusini. Filamu yetu ya makopa ilikuwa imeunganishwa bila ile sehemu nyeupe. "Kitaya," akaniambia, akitafuna karanga, "kuna mama mmoja alikaa mbele kabisa, kanga mpya, amewapanga na majirani zake. Filamu ikaisha. Watu wakaondoka. Yeye amekaa tu. Mpaka tunakunja kitambaa akaniuliza, 'Mwanangu, bado kipande changu?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kitakuja na gari lijalo. Ningemwambia nini?"

Nilifanya kazi nzuri baada ya hapo. Wanaonijua watasema nilikuwa mkali kwa wasaidizi wangu kuliko ilivyohitajika, hasa katika kukagua mifuko ya giza. Niliikagua juani, saa sita, mimi mwenyewe. Walidhani ni elimu.

Nimefika hapa kuandika, nikaweka kalamu siku tatu. Haikuwa sawa nyie mjue kabla ya Somoe. Namba ya Somoe nilipewa na mpwa wake anayefundisha ushonaji hapo hapo chuoni kwenu; muda wote huo ilikuwa mbali nami kwa mtu mmoja tu, na sikuwahi kuuliza. Jana asubuhi nikapiga. Iliita sana. Nilianza kufurahi kwamba haitapokelewa.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Ni Salima. Salima wa chuoni."

Nilisikia kuku. Nilisikia kitu kinaanguka kwenye sufuria ya maji, kisha kingine.

"Salima wa sinema?"

"Ndiye."

"Kumbe u hai."

"Nipo. Somoe, nina neno nataka kukuambia, ni la zamani, sijui hata nianzie..."

"Kama ni la uzi wa bluu, sema tu."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa ajili ya mtandao, nikakaa chini pale pale sakafuni, mwanamke wa umri wangu.

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Nyie mlitoka bwaloni, mie nikaenda bandani kuutazama mfuko wangu. Mie nilishona kwa mweusi. Nikafumua, nikakuta mawili. Na mwenye uzi wa bluu pale chuoni ni nani? Vitambaa vyako vya meza vile, vya ndege."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa Kiswahili gani?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Ningesema moja, ungejibu kumi, zote zimepigwa pasi. Wangenicheka tena. Nikasema, basi, atasema mwenyewe. Nikangoja. Wewe bibi, una pumzi!"

Nikasema yote. Nilisema harusi, nilisema shangazi, nilisema banda na jua lililokuwa limezama. Nilisema ile sentensi. Hakunikatiza. Sufuria iliendelea kupokea vitu, kimoja kimoja, kwa mwendo ule ule.

"Na mama?" nikauliza mwishoni.

"Mama keshatangulia, zamani. Alikuwa kila akisikia gari la sinema anaoga." Sufuria ikapokea kingine. "Mie kwenda Dar nilishasahau, nakwambia kweli. Dar nimekwenda, nimeiona, joto. Lakini kile kipande cha Mama sijakusamehe."

"Usinisamehe."

"Nani kakuomba ruhusa?" Akacheka, kicheko cha Bi Esha kabisa, kile cha juu ya kibao cha mbuzi. "Sasa nisikilize. Unasikia hapa? Naongea na wewe, simu iko begani, namenya. Sijatazama kisu tangu umepiga. Watoto wananiambia mikono yangu imekuwa yake ile ile, mpaka mishipa. Muhogo upo. Kichanja kipo. Huyo mpwa wangu ananiambia hapo chuoni mna wanafunzi wapya wa mambo hayo."

"Wapo. Ndio ninaowaandikia."

"Basi waje Kitaya. Alhamisi. Si ilikuwa iwe Alhamisi? Na wasikae mbali kama wewe ulivyokaa Ziwani. Wasogee mpaka wahesabu vidole. Na kabla hawajapiga, kamera nipewe mie kwanza."

Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kufundishia ambayo sijui itanitoka lini, kwamba siku hizi kamera haijazwi kitu, hakuna mkanda, hakuna mfuko, hata gizani haiingizwi.

"Najua," akasema Somoe. "Nataka kuishika tu."